Rula ya Mwanga: Jinsi Binadamu Alivyojifunza Kupima Umbali Usioonekana

Kama mtoto amelala, vyema. Kama yu mgongoni, mpe kitu cha kuchezea, maana leo nina hadithi ndefu kidogo. Ni hadithi ya kweli, na mwisho wake uko pale pale kliniki unapompeleka mwanao.

Wengi wenu mnaujua ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Sista huuzungusha katikati ya mkono wa juu, akauvuta polepole, kisha akatazama rangi. Kijani ni sawa. Manjano ni onyo. Nyekundu maana yake mkono haujafika sentimita 11.5, na mtoto anahitaji matibabu ya lishe bila kuchelewa. Hata mama ambaye hakupata nafasi ya kusoma shuleni anaweza kuusoma utepe huo, kwa sababu rangi ndiyo inayotaja kipimo. Tafadhali shikeni jambo hilo: rangi inaweza kutaja kipimo. Tutarudi kwalo.

Sasa kisa. Mama mmoja alikuja kliniki na mtoto wa miaka 3. Mtoto hakuwa akikohoa sana, lakini uzito wake ulikuwa umesimama mahali pamoja kwa miezi 2, na alikuwa ameacha kucheza na wenzake. Nyanya yake, wanayelala chumba kimoja, alikuwa ametoka kuanza dawa za kifua kikuu, yaani TB. Mtoto wa umri huo hajui kutoa makohozi, kwa hiyo tulichukua choo chake kidogo kikapelekwa kwenye mashine. Jibu likaja: mtoto ana TB.

Mama yule alinitazama, akaniuliza, "Sista, ni nani aliyewaona hao wadudu? Mbona sikuona mtu akichungulia kwenye hadubini?"

Nikamjibu, "Mama, hakuna aliyewaona. Mwanga ndio uliotuambia."

Hakuridhika, nami nilimwelewa. Alikuwa akiambiwa ampe mtoto dawa kila siku, kwa miezi, kwa sababu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona kwa macho. Mama akiwa na shaka, dawa huachwa njiani. Dawa ya TB ikiachwa njiani, ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi. Kwa hiyo leo nataka kumjibu mama yule kikamilifu, na kuwajibu wengine wote wenye swali kama lake.

UDOGO AMBAO MACHO HAYAUFIKII

Chukua rula ya mtoto wa shule. Tazama vile vijistari vidogo kabisa. Kutoka kimoja hadi kingine ni milimita 1. Sasa ikate milimita hiyo vipande 1,000. Kila kipande kinaitwa mikromita. Mdudu wa TB ana urefu wa mikromita 2 hadi 4 hivi. Kisha chukua mikromita moja, nayo uikate vipande 1,000. Kila kipande kinaitwa nanomita. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa nanomita 80,000 hivi.

Mwili wa mtoto wako umejengwa kwa seli, zile chembe hai ndogo. Ndani ya kila seli kuna vibarua wasiopumzika, nao ni molekuli: protini, mafuta, na ile DNA inayobeba urithi wa wazazi. Protini nyingi zina upana wa nanomita 5 hivi. Karibu kazi zote za mwili hufanyika kwa kugusana. Kirusi hakiingii ndani ya seli mpaka kishike mlango wake. Dawa haifanyi kazi mpaka ikamate molekuli iliyokusudiwa. Kwa hiyo kujua kama molekuli mbili zimekaribiana au zimeachana ni kujua kama kazi inaendelea au imesimama.

Hadubini ilifika mbali. Tarehe 24 Machi 1882, daktari Mjerumani Robert Koch aliwaeleza wenzake mjini Berlin kwamba amempata mdudu anayeleta TB. Alikuwa amempaka rangi ili aonekane. Ndiyo sababu kila tarehe 24 Machi ulimwengu huadhimisha Siku ya TB.

Lakini miaka 9 kabla ya hapo, mwaka 1873, Mjerumani mwingine, Ernst Abbe wa mji wa Jena, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba hadubini ya mwanga ina mpaka wake. Vitu viwili vikikaribiana kuliko nanomita 200 hivi, huonekana kama kitu kimoja, hata kioo cha hadubini kisuguliwe namna gani. Ni kama matatu inayokuja usiku kutoka mbali: unaona taa moja, na ni mpaka ikaribie ndipo utambue kwamba ni taa mbili. Mdudu mzima wa TB alionekana, lakini molekuli mbili zilizoachana kwa nanomita 5 zilikuwa zimejificha nyuma ya ukuta huo. Ilihitajika njia nyingine. Nayo ilianzia kwenye dawa mnayoijua.

DAWA CHUNGU ILIYONG'AA

Nani hajui uchungu wa kwinini? Kwa miaka mingi ilikuwa dawa kuu ya malaria kali. Hutoka kwenye gome la mkwinini, na wataalamu wawili Wafaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820. Mwaka 1845 mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliona jambo la ajabu. Maji yenye kwinini ni maangavu kama maji ya kunywa, lakini yakiwekwa juani, upande unaopigwa na jua hutoa mng'ao wa buluu.

Mwaka 1852, George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyefundisha Cambridge, alilifuatilia jambo hilo. Alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu ili utawanyike kuwa rangi za upinde wa mvua. Kisha akachukua chupa nyembamba yenye maji ya kwinini, akaisogeza kutoka rangi moja hadi nyingine. Nyekundu, hakuna kitu. Manjano, hakuna kitu. Alipofika mwisho wa zambarau akaipitisha mbele kidogo, mahali ambapo jicho halioni chochote ila giza, chupa ikang'aa buluu.

Maana yake nini? Kwamba jua lina miale tusiyoiona, na kwinini huimeza miale hiyo, kisha huitoa ikiwa imebadilika kuwa mwanga tunaouona. Stokes aliuita mng'ao huo floresensi, kwa jina la jiwe la fluospa ambalo pia hung'aa hivyo.

Nanyi mmeuona mng'ao huo. Keshia anapoiweka noti chini ya taa ya zambarau ili ajue kama ni halali, alama zinazowaka ni floresensi. Shati jeupe linalong'aa kupita kiasi juani baada ya kufuliwa kwa sabuni ya unga, ni hivyo hivyo: sabuni nyingi hutiwa vitu vya kung'arisha vya aina hii. Hakuna uchawi. Molekuli imemeza mwanga wa aina moja, ikatoa wa aina nyingine.

KUAZIMA MOTO KWA JIRANI

Swali lililofuata lilikuwa hili: je, molekuli iliyomeza mwanga yaweza kumpa jirani yake badala ya kuutoa yenyewe?

Aliyelijibu vizuri ni Theodor Förster, mwanasayansi wa Ujerumani. Mwaka 1946, nchi yake ikiwa imetoka tu vitani, alichapisha maandishi kuhusu jambo hilo, kisha mwaka 1948 akaeleza hesabu yake kwa ukamilifu zaidi. Alianza kwa kujiuliza kuhusu majani ya mimea. Jani lina molekuli nyingi sana za kijani zinazopokea jua, lakini kazi ya kugeuza mwanga kuwa chakula hufanyika mahali pachache tu. Nguvu ya jua hufikaje hapo kutoka huko kote?

Nitawaeleza kwa mfano wa nyumbani. Zamani, na hata leo mashambani, moto ukizimika jikoni, mama huenda kuazima kaa kwa jirani. Kama nyumba ya jirani iko hapo ua wa pili, kaa hufika likiwa jekundu na moto huwaka mara moja. Kama jirani yuko ng'ambo ya kilima, kaa huzimika njiani, na mama hurudi na jivu.

Molekuli hufanya vivyo hivyo. Ya kwanza humeza mwanga. Ikiwa jirani anayefaa yuko karibu, humpa nguvu ile, naye ndiye hung'aa, kwa rangi yake mwenyewe. Tofauti na mfano wangu ni kwamba hapa hakuna anayetembea na kaa mkononi. Nguvu hupita moja kwa moja kutoka molekuli moja hadi nyingine, hata kabla haijatoka nje kama mwanga.

Förster alionyesha kwamba mapokezano haya hupungua upesi mno umbali unapoongezeka. Tuchukue molekuli mbili ambazo zikiwa na nanomita 5 kati yao, nusu ya nguvu hupita. Zisogeze hadi nanomita 2.5, karibu yote hupita, asilimia 98 hivi. Ziachanishe hadi nanomita 10, hupita asilimia 1.5 tu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hapa fimbo inakuwa ya mbali kwa kuongeza nanomita 5 tu.

Na hapo ndipo kuna faida. Kama nguvu hupungua kwa kanuni inayojulikana, basi ukipima ni kiasi gani kimepita, unajua umbali. Tuseme ya kwanza hung'aa buluu na ya pili manjano. Ukiona buluu, ziko mbali. Ukiona buluu inafifia na manjano inaongezeka, zimekaribiana. Mnaukumbuka utepe wa kliniki? Rangi inataja kipimo.

RULA YAJARIBIWA

Hesabu kwenye karatasi ni jambo moja. Kuithibitisha ni jambo lingine. Kazi hiyo ilifanywa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford, na Lubert Stryer pamoja na Richard Haugland. Stryer alizaliwa China mwaka 1938, baba yake akiwa Mjerumani na mama yake Mrusi.

Walifanya kama fundi anayetaka kujua kama rula yake ni ya kweli: walipima kitu ambacho urefu wake ulikuwa unajulikana tayari. Walitengeneza vijiti vidogo vya molekuli, vigumu visivyojikunja ovyo, vilivyounganishwa kwa pingili kama muwa. Kijiti kifupi kilikuwa na pingili 1, kirefu pingili 12. Upande mmoja walifunga molekuli ya kutoa nguvu, upande wa pili molekuli ya kupokea. Umbali kati yao ulianzia nanomita 1.2 hadi 4.6. Kisha wakamulika na kupima.

Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1967 yalikubaliana na hesabu ya Förster. Kadiri pingili zilivyoongezwa, ndivyo nguvu ilivyopungua, kwa mwendo ule ule aliokuwa ameutabiri karibu miaka 20 nyuma. Waliita njia hiyo rula, na jina hilo likakaa. Stryer alifariki mwaka 2024, na hadi leo wanafunzi wa sayansi hufundishwa rula yao.

KONYEZA NA KIJANA WA NAGASAKI

Bado palikuwa na shida moja kubwa. Vijiti vile vilipimwa ndani ya chupa. Seli iliyo hai ni jambo lingine. Utafungaje taa mbili kwenye protini iliyo ndani ya seli bila kuiua seli yenyewe?

Jibu lilitoka baharini, kwa konyeza. Walio Pwani wanamjua: ni yule mnyama laini kama jeli anayewasha ngozi ukimgusa. Lakini kwanza niwaambie kuhusu mtu aliyemtafiti.

Osamu Shimomura alikuwa kijana wa miaka 16 nchini Japani wakati bomu la atomiki lilipoangushwa Nagasaki, tarehe 9 Agosti 1945. Alikuwa kazini kiwandani katika mji jirani wa Isahaya. Mwanga wa bomu ulimpofusha kwa muda mfupi, na alipokuwa akirudi nyumbani mvua nyeusi ilimnyeshea. Alipofika, nyanya yake alimvua nguo zile mara moja akamwogesha. Baadaye Shimomura mwenyewe aliona kwamba huenda bafu hilo lilimwokoa na madhara ya sumu ya bomu. Akina nyanya mnaonisikiliza, kazi ya mlezi haionekani kubwa siku inapofanywa.

Mwaka 1961 kijana yule, sasa mwanasayansi, alikuwa Marekani, katika ufuo wa Friday Harbor, jimbo la Washington. Yeye na Frank Johnson walikusanya konyeza wapatao 10,000 katika majira yale ya joto, wakitafuta kinachowafanya wang'ae. Miaka iliyofuata mke wake na watoto wake pia walisaidia kuwavua. Ndani ya konyeza wale walipata protini mbili. Moja hutoa mwanga wa buluu ikikutana na kalisi, madini yale yale yaliyo ndani ya maziwa. Ya pili hung'aa kijani. Walichapisha habari hizo mwaka 1962.

Kwa nini basi konyeza yule hung'aa kijani, na si buluu? Kwa sababu protini ya kwanza humpa jirani yake nguvu badala ya kuitoa nje. Ni kuazima moto kule kule. Kumbe konyeza alikuwa akifanya baharini jambo ambalo Förster alilifanyia hesabu.

Mwaka 1992 Douglas Prasher aliisoma na kuinakili jini ya protini hiyo ya kijani, yaani maagizo ya urithi ya kuitengeneza. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha kwamba maagizo hayo yakiingizwa kwenye bakteria au kwenye mnyoo mdogo, viumbe hivyo hujitengenezea taa wenyewe na kuendelea kuishi. Roger Tsien naye alitengeneza taa za rangi nyingine. Shimomura, Chalfie na Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008.

NDANI YA SELI ILIYO HAI

Sasa rula ikaweza kuingia ndani ya seli. Mwaka 1997, Atsushi Miyawaki akiwa katika maabara ya Tsien, pamoja na wenzake, walitengeneza molekuli yenye taa mbili za rangi tofauti, moja kila upande, na katikati sehemu inayojikunja ikikutana na kalisi. Kalisi ikija, molekuli hujikunja, taa hukaribiana, na rangi hubadilika. Kwa kuwa ilibadilika rangi, waliipa jina la kinyonga.

Kwa nini kalisi? Kwa sababu kalisi ndiyo ishara inayoambia misuli ikaze, moyo upige, na neva zipelekeane habari. Kwa kinyonga yule, mwanasayansi aliweza kukaa kwenye hadubini na kuona ishara hiyo ikipanda na kushuka ndani ya seli hai, bila kuikata wala kuiua. Tangu hapo wamefuata vinyonga wengine wengi, wa kuonyesha kama protini mbili zimeshikana au kama zimeachana.

Na ule ukuta wa Abbe? Nao ulitobolewa. Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014 kwa kufungua njia za hadubini zinazotumia floresensi kuona vitu vidogo kuliko nanomita 200. Njia zao na rula ya mwanga husaidiana: moja huonyesha kitu kiko wapi, nyingine husema kama kimekaribiana na jirani yake.

ILE MASHINE YA TB

Sasa turudi kliniki, kwa mama yangu.

Mwaka 1996, mjini New York, Sanjay Tyagi na Fred Kramer walitangaza molekuli ndogo iliyokunjwa kama pini ya nywele. Ncha moja ina taa. Ncha ya pili ina kizima taa. Pini ikiwa imefungwa, ncha mbili ziko pamoja, na kizima taa huinyang'anya taa nguvu yake ikageuka kuwa joto. Hakuna mwanga. Lakini katikati ya pini kuna maandishi ya urithi yanayolingana na ya kiini kinachotafutwa. Ikikutana na kiini hicho, pini hunyooka ili kushikana nacho. Ncha zikaachana, na taa ikawaka. Ni ndugu wa rula ya Förster: kukaribiana ni giza, kuachana ni mwanga.

Pini hizo ziliwekwa katika mashine ya TB iitwayo GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani, WHO, liliikubali mwezi Desemba 2010. Hufanya hivi: sampuli hutiwa ndani ya kikopo cha plastiki kilichofungwa. Mashine huvunja mdudu wa TB, hutoa DNA yake, na kunakili kipande chake mara nyingi sana. Kama TB ipo, nakala huongezeka, pini hunyooka, taa huwaka, na mashine huhesabu mwanga. Kama haipo, pini hubaki zimefungwa na giza hubaki giza. Chini ya saa 2 kazi imekwisha. Kuotesha wadudu hao maabara huchukua wiki kadhaa.

Kipimo hicho cha mwaka 2010 kilikuwa na pini 5, za kuangalia pia kama dawa iitwayo rifampisini itafanya kazi. Kama kipande cha DNA kimebadilika, pini ya hapo hukataa kunyooka. Taa moja ikikosa kuwaka, daktari hujua kwamba huenda TB hiyo ni sugu, inayohitaji dawa nyingine. Mwaka 2017 WHO ilikubali toleo jipya lenye uwezo zaidi wa kugundua wadudu wachache, jambo muhimu kwa watoto, maana mtoto huwa na wadudu wachache kuliko mtu mzima.

Taa na kizima taa vimeingia pia katika vipimo vingine. Mtoto wa mama mwenye virusi vya Ukimwi anapotolewa tone la damu akiwa na wiki 6, mashine nyingi zinazotafuta virusi hivyo hutumia njia ya jamii hiyo. Na wakati wa Korona, tangu mwaka 2020, vipimo vingi vya puani vilisomwa vivyo hivyo.

JIBU KWA MAMA

Kwa hiyo, mama yangu, uliniuliza ni nani aliyewaona wadudu. Jibu langu ni hili. Hakuna aliyewaona kwa macho, kama vile ambavyo sista haoni lishe ndani ya mkono wa mtoto, bali husoma rangi ya utepe. Ndani ya kile kikopo, molekuli ndogo zilinyooka, ncha zake zikaachana kwa nanomita chache, na mwanga ukatoka. Kanuni ya mwanga huo imejengwa na watu wa nchi nyingi, kwa zaidi ya miaka 150, tangu chupa ya kwinini iliyong'aa juani.

Hata hivyo nawaambia ukweli wote. Mashine ikisema "ipo", tunaiamini na tunaanza dawa. Mashine ikisema "haipo" kwa mtoto mdogo, hatuishii hapo. Wadudu wake wanaweza kuwa wachache mno, au sampuli haikuwabeba. Ndiyo maana daktari bado hukuuliza maswali, hupima uzito, na pengine huagiza picha ya kifua. Macho ya mlezi bado ni kipimo, na hakuna mashine iliyoyachukulia nafasi.

Mama yule alisikiliza, akafikiri kidogo, kisha akauliza swali moja tu: "Dawa anakunywa asubuhi au jioni?" Hapo nikajua tumeelewana.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mpeleke mtoto kliniki akiwa na kikohozi kisichoisha, homa za mara kwa mara, uzito unaopungua au usiopanda, au akiwa mnyonge na ameacha kucheza.

2. Kama kuna mtu nyumbani mwenye TB, wapeleke watoto wote wakapimwe hata kama hawakohoi. Asiye na ugonjwa anaweza kupewa dawa za kumkinga.

3. Mtoto asiyeweza kutoa makohozi bado anaweza kupimwa. Tangu mwaka 2020 WHO imependekeza choo chake kitumike kwenye kipimo cha mashine. Uliza kama kituo chako kinafanya hivyo.

4. Chukua kadi ya kliniki kila uendapo. Mstari wa uzito unaolala ni habari kubwa kwa daktari.

5. Akianza dawa, amalize zote hata akinenepa na kuanza kucheza. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusambaza kote nchini vidonge vya TB vya watoto, mwaka 2016. Huyeyuka majini na vina ladha ya matunda, na katika vituo vya umma dawa za TB hutolewa bila malipo.

6. Usiposadiki jibu la maabara, usiache dawa kimya kimya. Rudi uulize, kama alivyouliza mama yule. Swali lako si usumbufu.

Tumefika mwisho wa kipindi cha leo. Ukimwona jirani yako ambaye hakupata kutusikiliza, mweleze. Kaa la moto hufika likiwaka kwa aliye karibu. Kwaherini, na Mungu awalinde watoto wenu.